Siku ya Mwaka, Kila Mtu na Neno Lake

"Amkeni mkakoge, msiuingie mwaka na uchafu wa jana."

Hiyo ni sauti ya bibi yangu mzaa mama, kijijini Makunduchi, kusini mwa Unguja, alfajiri ya siku ya mwaka, mimi nikiwa na miaka saba au minane. Hatukuulizwa kama tunaona baridi. Mwezi wa saba kusi limekaza, upepo unapenya mpaka kwenye mbavu, na bahari ya alfajiri inauma. Tulikwenda wajukuu wa nyumba tatu, tumeshikana mikono, tukazama mara tatu, tukarudi mbio watoto wawili wawili ndani ya kanga moja. Kukoga mwaka ndiko huko, na jina la Mwaka Kogwa limetoka hapo.

Njiani kurudi bibi alikuwa na la pili. Alimgeukia mmoja mmoja, akauliza: "Wewe una neno na nani?" Ukisema huna, alikukazia macho mpaka ukumbuke. Mimi nilikuwa na neno na binti wa mjomba, kwa sababu alinisingizia mbele ya mwalimu wa chuoni kwamba nimepasua kibao chake cha kuandikia. Bibi akasema: "Haya. Wavulana wana migomba yao ya kupigania, nyinyi mna midomo. Mtatoleana kwa nyimbo, na jioni mtakula sinia moja. Likizama jua la leo, neno hilo halina mwenyewe tena."

Tukatoleana. Sikumbuki alichoniimbia. Nakumbuka tu kwamba nililia, kisha nikacheka, na jioni aliniachia kichwa cha samaki.

Nayaandika haya kwa sababu kazi yangu inanipeleka mara kwa mara kwenye mikutano ya mazingira, na kila nikitoka huko namkumbuka bibi na swali lake.

Mwaka wenyewe ninaousema si wa Januari wala ule wa Kiislamu wa Mfunguo Nne. Ni Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, na kwenye pwani yetu ulishikwa na wakulima, wavuvi na mabaharia. Una siku 365 kamili, hauongezi siku ya ziada, kwa hiyo ukiuweka kando ya kalenda ya ukutani unarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4. Zama zetu hizi unaangukia nusu ya pili ya Julai. Wazee waliugawa kwa miongo: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho zikabaki peke yake. Babu hakuwa na kalenda ndani ya nyumba, lakini akikaa na wenziwe barazani utasikia, "Huu mwongo wa ngapi?" na jibu ndilo lililoamua kama mbegu zitoke darini au zingoje, na kama chombo kiende mbali au kibaki ndani ya mwamba. Ndiyo maana siwezi kuiona sherehe hii kama ngoma ya kuwaonesha wageni. Ni hesabu ya ardhi na bahari inayofungwa na kufunguliwa, na watu wanafunga na kufungua hesabu zao pamoja nayo.

Safari hii nilikwenda na mwanangu wa miaka kumi na moja, tukapanda mapema gari ya 310, ya kwenda Makunduchi. Gari ilijaa: ndizi chini ya viti, kuku ndani ya pakacha, vijana juu ya mlango. Tulipofika msitu wa Jozani dereva akapunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani kama mzee wa heshima, ambaye duniani kote hapatikani porini ila kwetu Unguja na visiwa vyake vya jirani, pamoja na wachache waliopelekwa Pemba. Alikuwa akigongwa sana na magari kabla ya matuta, na baada yake vifo vimepungua.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, kofia ya kiua, jembe jipya mapajani, akasema kwa sauti ya kusikika gari nzima: "Kima kawekewa tuta. Minazi yangu imewekewa nini?"

Sikwambii. Kutoka Jozani mpaka Kitogani, mpaka Muyuni, mpaka tunashuka, gari ilikuwa bunge. Mwanamke mmoja alisema babu zake waliwaita punju kwa kuwa wana sumu, na kwamba mti wanaoula hukauka. Kijana akamjibu kwamba mti haukauki, wanakula majani machanga tu. Utingo akasema yeye amewaona kwa macho yake wakila makaa. Wakamcheka, na hapo ikabidi niingie mimi, kwa sababu utingo alikuwa anasema kweli: kima punju wanaokaa karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu, na majani hayo yana vitu vinavyosumbua tumbo, basi hutafuna makaa yaliyobaki kwenye majiko na matanuri ili yayanyonye. Wataalamu wameliandika jambo hilo tangu miaka ya 1990. Utingo akanisamehe nauli ya mtoto.

Lakini swali la mzee halikujibiwa. Likashuka naye garini, na mimi nikalibeba mpaka nyumbani kwa mjomba.

Chini ya mwembe wa mjomba tayari palikuwa na baraza. Watu wanane hivi, birika la chai ya tangawizi, vitumbua. Makunduchi siku ya mwaka kila nyumba hutaka iwe na mgeni, na asiye na mgeni huona unyonge, kwa hiyo mimi na mwanangu tulipokewa kama tumetoka Makka. Nikalitoa lile neno la minazi. Binamu yangu mdogo anasoma chuo kikuu mambo ya misitu, akalidaka. Akaeleza kwamba watafiti walihesabu nazi za mashamba ya pembeni mwa Jozani, wakatoa matokeo mwaka 1999, na kilichoonekana ni kinyume cha tulivyodhani: mnazi ambao kima wamekula vidaka vyake vingi, yaani nazi changa, haukutoa nazi chache mwishoni, ulitoa nyingi. Mnazi huangusha vidaka vingi kwa vyovyote vile, na anapoondoa baadhi, kima ni kama anaupunguzia mti mzigo ili vilivyobaki vikomae.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Kisha akauliza: "Walihesabu minazi tu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na muhogo?"

Binamu akasema muhogo huliwa zaidi na yule kima mwengine, mweusi mweusi, si punju.

"Mimi saa kumi na moja alfajiri namkuta nani shambani, simuulizi jina. Nyinyi mmekuja na jibu la nazi, na mimi nimekuuliza shamba."

Watu wakaguna. Halafu, na hapa ndipo nilipopapenda, mzee mmoja aliyekuwa kimya akamgeukia mjomba, akasema: "Lakini na wewe miaka yote umekuwa ukisema nazi." Mjomba akanyamaza. Akanywa chai. Akasema, "Nazi nimeziachia. Muhogo sijauachia." Kwa maoni yangu huo ndio mjadala uliokamilika. Kila upande umeacha kitu mezani. Sensa iliyochapishwa miaka michache nyuma iliwahesabu kima punju zaidi ya 5,800, na karibu theluthi yao wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, yaani kwenye mashamba na vichaka vya watu kama mjomba. Hakuna hifadhi ya kima itakayosimama bila yeye kukubali, na hatokubali kwa kipeperushi. Atakubali kwa kuulizwa na kuuliza.

Mchana tukaenda uwanjani.

Mapigano ya migomba nitayapitia haraka, kwa sababu ndiyo yanayopigwa picha na kila mwenye simu. Wanaume hugawanyika pande mbili, kila mmoja na kipande chake cha mgomba, wakapigana mpaka vipande vinachanika na maji ya mgomba yanawaruka usoni. Wazee wanasema zamani zilikuwa fimbo. Makovu ya migomba hayadumu, na hasira zinatoka. Mwanangu naye aliingia upande wa watoto kupigana na mtoto wa binamu, kwa ajili ya baiskeli iliyoazimwa Ramadhani na kurudishwa bila breki. Nilitaka kumzuia. Mama mdogo akanishika mkono: "Mwache, lake hilo."

Kibanda cha makuti kikachomwa. Mzee aliyekuwemo ndani akachomoka, watu wakapiga kelele za furaha, na moshi ukachukuliwa na kusi kuelekea bara. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akiutazama moshi ule kama mtu anayesoma barua. Kwetu husemwa kwamba kibanda kile kinabeba moto wa mwaka mzima, ili nyumba ikishika moto mwaka huo, mtu atoke salama na majirani wawepo. Mimi nikiuona, naona zoezi: kijiji kizima kinajikumbusha kwamba nyumba ya makuti ikiwaka hakuna wa kuisaidia ila aliye karibu.

Kisha wanawake wakaanza.

Nieleze kwanza kilichotangulia, maana bila hicho nyimbo hazitoeleweka. Miezi minne kabla, nilihudhuria semina kuhusu ufukwe na kilimo cha mwani. Sitaitaja iliandaliwa na nani. Kulikuwa na bango, maji ya chupa, na mtaalamu mwenye nia njema aliyezungumza saa nzima. Mama yangu mdogo alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Analima mwani tangu ujana wake, tangu siku za mwanzo kabisa, kwa sababu mwani wa biashara ulianza kupandwa pwani ya mashariki mwaka 1989, na wanawake ndio walioubeba. Anajua kila kigingi. Anajua kwamba kotoni, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa maji yakipata moto, inakuwa nyeupe na kukatika, na wengi wamebaki na spinosumu, aina nyengine ambayo bei yake haifiki nusu ya jasho lake. Anajua pia kwamba njia yao ya kushukia pwani imezibwa kwa ua, na sasa mwenye gunia la mwani mbichi kichwani anazunguka mwendo mrefu juani. Yote hayo anayajua. Semina ilipofika kwenye "maswali na maoni" aliinamisha kichwa, akatia saini karatasi ya mahudhurio, akaondoka.

Nilimuuliza njiani, "Mama mdogo, mbona hukusema?"

"Pale pana mahala pa kusema?"

Nilidhani ananung'unika tu. Siku ya mwaka nikamwelewa.

Wanawake walikuja kwa makundi, kanga za sare, nyuso zimepakwa liwa au zimepambwa kama za biharusi, wanatembea kwa mwendo mmoja. Kiongozi anatoa, kundi linapokea. Siku hiyo ulimi unafunguliwa. Maneno ambayo siku nyengine yangevunja ujirani, siku hiyo yanaimbwa mchana kweupe, na aliyeimbwa hana ruhusa ya kununa. Ameimbwa mume asiyeleta kitoweo. Ameimbwa mwenye kukata mikoko usiku kwa ajili ya boriti huku mchana anasimama mstari wa mbele kupanda miche. Ameimbwa mwenye tanuri la chokaa anayemaliza kuni za uwandani halafu anauliza mbona mvua imechelewa. Majina hayatajwi, na hayahitajiki, kwa sababu macho ya uwanja mzima yanajua pa kwenda.

Ndipo nikamwona mama mdogo mbele ya kundi lake. Mwanamke yule yule aliyeinamisha kichwa. Akainua mkono, akatoa ubeti kwa Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, na ndani yake kulikuwa na ua, na gunia, na jua, na mwenye kutia saini mahala asipopita kwa miguu yake. Hakuacha kitu. Bei, njia, maji ya moto, hata ile karatasi ya mahudhurio. Kundi likapokea, likarudia, safari ya tatu wanawake wa kundi jengine wakaingia nao. Mmoja wa wazee wa kamati ya shehia alikuwa amesimama hatua kumi mbele yao. Hakuondoka. Kwa desturi hawezi kuondoka.

Nililia, sioni haya kusema. Kwa miaka nimeandika kwamba "jamii za vijijini zinahitaji kupewa sauti." Sauti ilikuwepo muda wote, ina vazi lake, siku yake na kiwanja chake. Sisi ndio tuliokuwa tunaiita kwenye ukumbi usiokuwa wake.

Na si Makunduchi peke yake. Pemba, nilikokwenda harusini miaka iliyopita, nilikesha kwenye kibati. Asiyekijua kibati apate picha hii: ngoma zinapigwa mbio, na watu wanajibizana papo hapo, neno juu ya neno, bila karatasi, mpaka kiitikio kiwapokee wote. Usiku ule waliingia wawili, mmoja kachukua upande wa mwenye mikarafuu, mwengine upande wa mchumaji. Mchumaji akataja urefu wa mti, tawi linavyovunjika, pishi inavyopimwa kwa mkono mzito. Mwenye shamba akajibu kwa palizi, wezi wa usiku na mwaka wa mavuno mabaya. Kasi yao ilikuwa kiasi kwamba nilipoteza kila neno la tatu, na bado nilitoka nimeielewa karafuu kuliko nilivyowahi kuielewa kwa kusoma. Wapemba wana asili na jambo hilo. Hiki ndicho kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa tungo mpaka leo watu wanabishana nani alimshinda nani.

Kisiwa cha Misali nacho, magharibi ya Pemba, kilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, hoja iliyowagusa wavuvi ilitoka kwenye dini yao wenyewe. Wenyeji wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alifika pale, akataka msala wa kuswalia, haukupatikana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Ukimwambia mvuvi kwamba baruti inaua matumbawe, atakusikia. Ukimwambia unaitia baruti kwenye msala, atakaa chini mzungumze.

Usiku wa siku ya mwaka palikuwa na ngoma upande mmoja na muziki wa spika upande wa pwani. Sina ugomvi na muziki wa vijana, nilicheza huo huo nikiwa kijana. Nina neno na jukwaa la mchana. Safari hii hotuba zilikuwa ndefu, na vipaza sauti vikawekwa pale pale wanawake wanapopita. Kundi la pili lilipoanza kuimba, mshereheshaji alikuwa bado anawataja waheshimiwa mmoja mmoja, na beti mbili nzima zikapotea chini ya sauti yake. Beti hizo hazijaandikwa popote. Zilitungwa kwa ajili ya mchana ule, na huenda zilikuwa na jambo ambalo mtu alilibeba mwaka mzima. Naomba, na naomba kwa dhati, spika zizimwe saa ya wanawake. Saa moja tu. Na wawepo vijana wenye kuzirekodi na kuziandika kwa Kikae chenyewe, maana Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilikwishatoa kamusi ya lahaja hiyo mwaka 2012, maneno yana pa kuegemea.

Jioni tulikaa uani. Mwanangu na yule mwenye baiskeli walikuwa sinia moja, wali na pweza wa nazi, mikono yao yote miwili ina michirizi ya migomba, wanagombania mkia wa pweza. Nikamsikia mwanangu anamwambia mwenziwe ataleta breki kutoka mjini.

Baada ya isha akabisha hodi yule mzee wa kamati. Akakaribishwa, akapewa chai. Alizunguka kwa salamu na habari za afya mpaka nikadhani anapita tu. Mwisho akamgeukia mama mdogo.

"Bi mdogo, ule wimbo wako. Ubeti wa pili sikuushika vizuri. Hebu nirejelee."

Mama mdogo hakunyanyua macho kwenye sinia alilokuwa akilifuta. "Wimbo wa mwaka haurejelewi nyumbani. Kesho maji yanakupwa saa tatu. Njoo nikuoneshe."

Asubuhi, mimi na mwanangu tukiwa kwenye gari ya kurudi mjini, nikawaona kupitia dirishani, mbali, kwenye njia ya pwani. Mama mdogo yuko mbele na ndoo yake, wanawake wanne nyuma yake, na yule mzee ameshika viatu mkononi. Walifika kwenye ua wakasimama. Kisha wakaanza kuuzunguka, na mama mdogo akawa anahesabu hatua kwa sauti. Midomo yake niliiona, sauti haikunifikia.